Njia ya Minyaa Katikati ya Pamba

Mama mkwe wangu alirithi mizinga ya nyuki kutoka kwa marehemu mume wake. Shemeji zake walipomwambia kwamba nyuki ni kazi ya wanaume, aliwajibu kuwa nyuki wenyewe hawajalalamika. Nilipoolewa nilimkuta hivyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, mwenye sauti ya chini, na mikono yake ilinuka moshi hata Jumapili tulipokwenda kusali. Nilimwita mayu, kama nilivyomwita mama yangu mzazi, naye aliniita ng'wanawane, mwanangu.

Mji wetu wa zamani ulikuwa upande wa Mwamapalala. Kule kila familia ilikaa kwake, na mashamba yake na ng'ombe wake, na kila mji ulizungushiwa ua wa minyaa. Kwa asiyeifahamu, minyaa ni mimea ya kijani mwaka mzima, vijiti vitupu visivyo na majani ya maana, na ukivunja kijiti kinatoa utomvu mweupe kama maziwa, unaounguza. Ng'ombe hawali, mbuzi hawali. Ndiyo maana wazee waliipanda pia kando ya njia za mifugo, huku na huku, ili ng'ombe wasiingie shambani wakienda kunywa maji. Njia moja ya namna hiyo ilianzia chini ya kilima chetu cha mawe, kwenye ngitili, yaani malisho tuliyoyafunga wakati wa mvua ili yatufae kiangazi, ikateremka mpaka bondeni.

Njia ile haikuwa ya ng'ombe peke yao. Chini ya minyaa, mahali ambapo jembe halifiki, palijiotea mlenda, mitunguja na maua ya porini ambayo sijui majina yake mpaka leo. Kanga walitaga humo. Sungura walipita humo, na kobe, na mara mojamoja digidigi aliyeteremka kutoka kilimani alfajiri kutafuta maji. Minyaa yenyewe ilipotoa vijiua vyake vya manjano, njia nzima ilivuma. Nyuki walitoka kwenye mizinga ya mayu, magogo yaliyotobolewa na kutundikwa kwenye migunga ya ngitili, wakashuka na ile njia hadi kwenye kunde na maboga yetu kama watu wanaokwenda sokoni.

Kisha serikali ikaagiza watu wakae vijijini, nasi tukahamia kijijini.

Sipendi kukusimulia kuhama kule kama sherehe wala kama msiba, kwa sababu kulikuwa na yote mawili. Lori lilikuja kiangazi. Tuliezua mabati machache tuliyokuwa nayo, tukapakia mawe ya kusagia, kuku na vitanda, mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni kwangu. Kijijini tulipangiwa viwanja kwa mistari. Tukapata shule karibu, tukapata zahanati, na jirani ukimwita anaitika. Mimi niliyekuwa nimezoea kukaa kutwa bila kumwona mwanamke mwenzangu nilifurahi, sikatai. Lakini pale mahali palikuwa peupe. Miti ilikuwa imekatwa ili viwanja vipimwe vizuri, na upepo ulipovuma vumbi liliingia mpaka kwenye ugali.

Mizinga ilibaki ngitilini. Mayu alikwenda kuiangalia kwa miguu, akirudi jioni na vumbi hadi magotini.

Masika ya kwanza tulipanda maboga nyuma ya nyumba. Yalitambaa vizuri, yakatoa maua makubwa, nikaanza kuyahesabia watu watakaokula. Halafu vile vitoto vya maboga vikawa vinanyauka na kudondoka kabla havijafika ukubwa wa yai. Niliamini ni ardhi mbaya. Asubuhi moja nikamkuta mayu amepiga magoti shambani, ameshika ua mkononi, analigusisha kwenye maua mengine, moja baada ya jingine.

"Mayu, unafanya nini?"

"Nafanya kazi ya nyuki," alisema bila kugeuka. "Wao hawajafika huku."

"Kwani ni mbali hivyo?"

"Si umbali. Katikati pamekuwa uwanja. Hakuna ua la kutulia, hakuna kivuli, na huku kwetu hakuna kitu cha kuwaita." Akachuma ua jingine. "Mtu mwenyewe hawezi kupita hapo mchana bila kulalamika."

Maboga aliyoyagusa yeye yalishika. Tulikula hayo, machache, na majirani walipouliza siri yake, aliwaeleza waziwazi, nao wakacheka wakidhani anawatania.

Msimu uliofuata likaja agizo la kupanua shamba la pamba la kijiji. Lilitakiwa liwe shamba moja lililonyooka, kutoka kwenye nyumba zetu mpaka karibu na kilima, na minyaa yote ya mahame, ile miji yetu ya zamani, ing'olewe. Rimu ya gari, iliyokuwa kengele ya kijiji, ilipigwa asubuhi, tukatoka wote na mapanga na majembe.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye kupenda utani. Hakuwa wa kuamrisha akiwa amekaa kivulini. Alishika panga kama sisi. Tulifika kwenye ile njia ya ng'ombe niliyokusimulia, akawa wa kwanza kuipiga. Mayu alisimama kando, panga lake likining'inia mkononi, hakukata. Nilimwona anaangalia minyaa ile kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiezuliwa tena.

Mwenyekiti alipiga tawi kubwa kwa nguvu na utomvu ukamrukia usoni. Akatupa panga, akajishika macho, akapiga kelele kama mtoto. Mtu akakimbilia maji.

"Msimsugue!" mayu alipaza sauti, na sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo. "Mshikeni mikono asijisugue. Ng'wanawane, njoo hapa. Wewe unanyonyesha."

Nilielewa anachotaka. Kwetu, mtoto akiingiwa na utomvu wa minyaa machoni, mama humkamulia maziwa ya kifua. Hilo nilikuwa nimeliona. Lakini huyu alikuwa mwenyekiti, mtu wa umri wa baba yangu, na nusu ya kijiji ilikuwa imesimama pale.

"Mayu, naona aibu."

"Aibu utaiona kesho. Leo mtu asipofuke."

Wanawake wakanizunguka na khanga zao. Nikakamua kwenye kibuyu cha kunywea maji, mayu akamlaza mwenyekiti chali na kumdondoshea maziwa machoni kidogo kidogo, huku akimwambia maneno ya kumtuliza kama anayembembeleza ndama. Baadaye akamfunika uso kwa khanga yake, akamwambia asiinuke mpaka maumivu yapungue. Watu wakaenda kula viazi chini ya mti. Tukabaki sisi wachache pamoja na mume wangu, na punde akafika bwana shamba na baiskeli yake, kijana mpole aliyetoka chuoni miaka michache nyuma, akaketi nasi kusubiri.

Mwenyekiti akauliza chini ya khanga, "Ni nini kinavuma hivi?"

"Nyuki," alisema mayu.

"Wako wengi namna hii? Nimekaa hapa asubuhi nzima sikuwasikia."

"Ulikuwa unakata."

"Na hicho kinachokwaruza chini?"

"Kobe, au kenge. Hata mimi sijui. Sikiliza mwenyewe."

Akasikiliza. Hakuwa na la kufanya zaidi. Mayu akatumia nafasi hiyo, na ninavyokumbuka hakusema neno la kumlaumu. Alimweleza habari ya maboga yetu. Alimweleza kwamba nyuki wakiwa na kichaka cha kupitia watashuka wenyewe hadi kijijini, na kanga pia, na kwamba kanga wanakula wadudu na mchwa. Alisema haombi minyaa yote ya mahame ibaki, anaomba njia hii moja kutoka ngitilini, ipandwe tena palipokatwa mpaka kwenye nyumba.

"Mama," mwenyekiti alijibu taratibu, "mimi nimeagizwa shamba moja, mstari ulionyooka. Wakija wakubwa kukagua wakakuta kichaka katikati, nitawaambia nini?"

Nilijua hakuwa anatafuta kisingizio; kweli alikuwa akifikiria siku hiyo ya ukaguzi.

Bwana shamba ndiye aliyejibu, kwa swali. "Ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa maji lamboni?"

"Vipi?"

"Lambo liko kule, zizi liko huku. Mkikata hii, itabidi wapite kwenye pamba. Mkiwa na njia ya mifugo yenye ua pande zote mbili, hilo naweza kulieleza wilayani. Mashamba yatakuwa mawili, yamenyooka yote."

Khanga ikatikisika. Mwenyekiti alikuwa anacheka. "Haya. Njia ya mifugo."

"Iiteni mnavyopenda," alisema mayu.

Jambo lenyewe lilipelekwa kwenye mkutano wa kijiji, na halikupita kirahisi. Aliyelipinga zaidi alikuwa jirani yetu wa mstari wa nyuma, mzee mwenye kusema kwa upole. Alisimama akasema kichaka ni makao ya ndege wanaomaliza mtama, na ni makao ya nyoka. Mke wake aliwahi kuumwa na nyoka mguuni kwenye minyaa, tukiwa bado kwenye miji ya zamani. Alipona, lakini mguu ule haukurudi sawasawa, na mama yule alikuwa amekaa palepale mkutanoni, mguu ameunyoosha mbele yake, kila mtu anauona.

Nilitazamia mayu abishane. Badala yake alisimama akasema, "Anayosema ni kweli. Nyoka wamo. Siwezi kumwambia mama huyu kwamba hawamo." Akapendekeza kwamba ile sehemu inayokaribia nyumba ifyekwe chini iwe safi, watoto wasichezee huko, na kwamba yeye mwenyewe na familia yake watakuwa wanaifyeka. Kuhusu ndege wa mtama alisema hana jibu, isipokuwa kwamba yale makundi makubwa hulala kwenye matete ya bondeni, si kwenye minyaa. Mikono ikanyooshwa. Jirani yetu hakunyoosha wake, wala hakuwachochea watu. Tulipotoka mayu alimpitia mkewe, wakazungumza muda mrefu mambo mengine kabisa.

Njia ikabaki. Lakini mwaka huohuo pamba ilipochanua tukapata pigo ambalo hatukulifikiria.

Mume wangu alipangiwa zamu ya kupuliza dawa. Alitoka asubuhi na bomba mgongoni pamoja na wenzake, wakaanzia upande wa shamba unaopakana na njia. Pamba ilikuwa imejaa maua, na kwenye maua wamejaa nyuki. Mchana mayu alikwenda ngitilini kama kawaida. Aliporudi alikuwa amebeba ungo kichwani, nikadhani ameokota mboga. Aliuteremsha mlangoni. Ungo ulikuwa na nyuki waliokufa, na wengine walikuwa bado wanatembeza miguu. Walianguka chini ya mizinga na kando ya njia, akawaokota kwa mikono.

Mume wangu alirudi, akaoga, akaja kula, akauona ungo. Akakaa chini.

"Mayu, nilipangiwa."

"Najua."

"Pamba isipopulizwa italiwa na funza. Ni jasho la watu wote."

"Najua, baba. Sijakulaumu." Alikuwa akimwita mwanawe baba, kama desturi yetu, kwa kuwa alibeba jina la babu yake. "Nimewaleta uwaone tu. Nikiwaona peke yangu nashindwa."

Ugali ulipoa. Mume wangu hakuugusa. Alikuwa mtu asiyependa kuonyesha huzuni, lakini aliuchukua ungo ule, akaenda kuchimba shimo nyuma ya nyumba na kuwafukia, nami nikaangalia pembeni ili asijue nimemwona anafuta uso.

Kesho yake alikwenda kwa bwana shamba. Alinisimulia baadaye kwamba kijana yule alimwambia, "Dawa ile inaua kila mdudu, hilo nalijua. Kusema kweli nilikuwa nawaza funza tu." Wakakaa wote wawili wakashauriana. Wakakubaliana kwamba upande unaopakana na njia upulizwe jioni, nyuki wakiwa wamesharudi kwenye mizinga, na kwamba mabomba yasioshwe tena lamboni bali yaoshwe mbali, kwenye shimo. Wapulizaji walinung'unika, maana jioni ndiyo saa ya mtu kupumzika na kuangalia ng'ombe wake. Mume wangu akasema upande ule ataufanya yeye. Aliufanya msimu ule wote, akirudi giza likianza kuingia, ananuka dawa, anaoga, anakaa na mama yake.

Baadhi ya mizinga ilinyamaza kabisa mwaka ule. Mayu aliiteremsha, akaisafisha, akaipaka nta ndani na kuitundika tena. Mvua ziliporudi na minyaa kuchanua, kundi likaja kuingia kwenye mmoja, kisha kwenye mwingine. Safari hii mume wangu ndiye aliyepanda migunga, na mama yake akawa anamwelekeza kutoka chini. Ilimchukua mama huyu muda kuzoea kutopanda mwenyewe.

Kijijini mambo yalibadilika taratibu, wala sikuona siku yalipoanza. Mayu alitoa vijiti vya minyaa na mbegu za alizeti kwa kila mwanamke aliyekubali, tukapanda kuzunguka viwanja vyetu. Palipokuwa peupe pakaanza kuwa na kingo za kijani. Tulipanda kunde na choroko, tukaacha mlenda ujiotee. Asubuhi moja nilikwenda kuchuma majani ya maboga nikasikia mvumo, nikainua kichwa. Walikuwa ndani ya maua, wamejipaka unga wa manjano mpaka mgongoni. Nilimwita mayu. Alikuja na mwiko wa ugali mkononi, akasimama, akatazama, kisha akarudi jikoni. Nilimsikia akiimba huko.

Maboga ya mwaka ule tulishindwa kuyamaliza. Tulikata mengine vipande tukayaanika juani.

Ndipo ikaja ile miaka ya uhaba. Ukienda Bariadi mjini, mwenye duka anakuonyesha rafu tupu na kukupa pole. Sukari hakuna, sabuni hakuna. Watu wakawa wanakuja kwetu na vikombe kuomba asali ya uji wa mgonjwa au ya mzazi aliyejifungua. Mayu hakumnyima mtu wa namna hiyo. Mmoja wa waliokuja alikuwa yule jirani wa mstari wa nyuma. Mguu wa mkewe ulikuwa umepata kidonda kisichofunga, na mhudumu wa zahanati alikuwa anakisafisha lakini dawa ya kupaka ilikuwa imekwisha. Alisimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Ingia, shemeji," alisema mayu. "Hapa ni kwako."

Alimpa asali safi iliyochujwa, kisha akawa anakwenda mwenyewe kila siku kumpaka yule mama baada ya zahanati kukisafisha. Kidonda kilikauka polepole. Mzee yule hakuwahi kusema kwamba alikosea mkutanoni, na sidhani kama alikosea. Lakini ile sehemu ya njia inayokaribia nyumba, tuliyoahidi kuifyeka, tuliikuta imeshafyekwa, tena vizuri kuliko tulivyofyeka sisi. Ikawa hivyo kila mwaka.

Wakati ule watu wengine walianza kurudi kidogo kidogo kwenye mahame yao, kwa ajili ya malisho. Mume wangu alimuuliza mama yake kama anataka turudi karibu na kaburi la baba. Alifikiri siku nzima. Akasema hapana, hapa amekwisha kupata marafiki, na kaburi anaweza kulitembelea akienda kwenye mizinga.

Miaka ya mwisho magoti yake yalikataa safari hiyo. Akaniambia nijifunze mimi, kwa sababu mwanawe alikuwa anasafirisha ng'ombe minadani mpaka Mwandoya na hakuwepo siku nyingi. Niliogopa nyuki maisha yangu yote, niseme ukweli. Nilikuwa nawapenda wakiwa kwenye maua tu. Alinifundisha tukiwa tumekaa nyumbani, kwa gogo tupu: namna ya kupuliza moshi bila pupa, namna ya kukata baadhi ya masega na kuacha mengine ili wenyewe wasife njaa, namna ya kutulia wakikutambaa mkononi.

"Na wakiniuma?"

"Watakuuma. Endelea na kazi."

Siku yangu ya kwanza waliniuma mdomoni. Mdomo wa juu ulivimba mpaka nikashindwa kuufunga, na ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo kesho yake nilikwenda kanisani hivyohivyo, nimejifunika khanga mpaka puani, watu wakinisalimia "mwangaluka" nami naitikia kitu kisichoeleweka. Lakini Jumamosi ile, niliporudi kutoka kwenye mizinga, nilimwonyesha mayu kwanza. Alinitazama, akajaribu kunihurumia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka naye, japo kucheka kuliniuma. Kisha akanikalisha kwenye kigoda, akaniwekea kitambaa cha maji baridi mdomoni, akaniuliza asali imetoka kiasi gani.